Kofia, Mkia na Mkasi: Jinsi Homa ya Mafua Inavyoinyamazisha Seli

Hotuba kwa wahudumu wa afya, wataalamu wa maabara, walimu wa sayansi na wenye punda wa Lamu

Asalamu alaikum. Wazee wetu, mama zetu, walimu, maafisa wa kliniki, wauguzi, vijana wa maabara, na nyinyi wenye punda mliofunga kazi mapema ili mje kuketi nasi, shukrani kwenu nyote.

Kusi likianza kuvuma hapa kisiwani, kila mtaa una mtu anayekohoa, na lawama hubebeshwa upepo. Ukweli ni kwamba nchini Kenya virusi vya homa ya mafua huzunguka mwaka mzima, kusi na kaskazi. Lakini leo nauacha upepo kando. Nataka tuingie ndani ya seli moja tu ya njia ya hewa, tuangalie kinachotendeka katika muda wa saa 8 za mwanzo tangu kirusi kuingia. Wengi tumefundishwa kuwa kirusi huvamia seli na kuivunja. Kuvunjika huko huja mwishoni. Kwanza seli hunyamazishwa: amri zake yenyewe hazisikiki tena, ilhali karakana yake inabaki wazi, taa zinawaka, mafundi wapo kazini, na kazi yote inafanywa kwa faida ya mgeni.

Tuanze na karakana yenyewe. Maagizo ya seli yameandikwa kwenye DNA, na DNA haitoki ndani ya kiini. Kinachotoka ni nakala, yaani RNA mjumbe, nayo huandikwa na kimeng'enya kiitwacho polimerasi ya pili ya RNA. Kabla nakala haijaruhusiwa kupita mlango wa kiini hufanyiwa mambo matatu. Kichwani huvishwa kofia, ambayo ni nukleotidi (herufi moja ya RNA) ya guanini iliyoongezewa kundi la methili. Katikati huondolewa vipande visivyohitajika, viitwavyo introni, na vilivyobaki huungwa. Mwishoni hukatwa mahali maalumu na kutiwa mkia wa adenini zipatazo 200. Hapo ndipo nakala huenda kwa ribosomu, fundi anayeisoma na kutengeneza protini. Nakala isiyo na kofia hupata shida kusomwa, na isiyo na mkia kwa kawaida haifiki hata mlangoni.

Shikeni mambo hayo mawili, kofia na mkia, kwa sababu hujuma yote inapita hapo.

Kirusi cha mafua cha aina ya A ni kidogo mno. Jeni zake zimo katika vipande 8 vya RNA, na herufi zake zote kwa jumla ni kama 13,500. Herufi zetu sisi zinafika bilioni 3. Virusi vingi vya RNA huzaliana nje ya kiini. Hiki cha mafua huingia kiini chenyewe, na sababu ni kwamba kofia zinavishwa humo.

Kirusi hakina kimeng'enya cha kutengeneza kofia. Anayejua kofia iliyoshonwa kwa mkono anajua inakula majuma mangapi ya kazi. Kirusi hakishoni, huiba. Polimerasi yake ina sehemu tatu: PB2 huishika kofia ya nakala changa ya seli, PA huikata nakala hiyo nukleotidi 10 hadi 13 kutoka kwenye kofia, kisha PB1 hukitumia kipande kilichokatwa kama mwanzo wa kuandikia ujumbe wa kirusi. Kwa hiyo kila ujumbe wa mafua huanza na kichwa kilichokatwa kutoka kwa ujumbe wa mwenye nyumba. Wizi huu ulielezwa wazi na kundi la Robert Krug mwaka 1981, lakini mkasi wenyewe ulitafutwa kwa miaka mingi, wengi wakidhani uko kwenye PB1. Mwaka 2009 ndipo ilipothibitishwa kuwa uko kwenye PA. Tarehe hizo nazitaja kwa makusudi, maana dawa tutakayoizungumzia baadaye imejengwa juu ya ugunduzi wa 2009.

Vitabu vingi vya shule huishia hapo, na mwanafunzi anaondoka akiamini kuwa wizi wa kofia ndio unaoinyamazisha seli. Kwa maoni yangu hiyo ni sehemu ndogo ya habari. Kuna protini mbili nyingine zinazofanya kazi kubwa zaidi, na kila moja ina mlango wake.

Ya kwanza ni NS1, yenye asidi amino, yaani matofali ya protini, zipatazo 230. Hii hushambulia mkia. Ili nakala ya seli itiwe mkia, lazima kwanza mahali pa kukatwa patambuliwe, panapotangulia herufi AAUAAA, na miongoni mwa protini zinazohusika na utambuzi huo ipo iitwayo CPSF30. NS1 huikamata CPSF30 na kuizuia. Matokeo yake nakala hazikatwi, hazipati mkia, hubaki zimelundikana ndani ya kiini na kuharibika. Polimerasi ya pili nayo, kwa kuwa haikupata ishara ya kusimama, huendelea kuandika kupita mwisho wa jeni, mbali sana, ikitoa maandishi yasiyo na maana.

Swali ambalo mwanafunzi mzuri huuliza hapa ni hili: ujumbe wa kirusi nao una mkia wa adenini, mbona wenyewe hauzuiwi? Jibu lake ni mojawapo ya mambo mazuri kabisa katika elimu ya virusi. Kirusi hakitumii CPSF30 hata kidogo. Karibu na ncha moja ya kila kipande chake cha RNA kuna uridini (herufi U) 5 hadi 7 zilizofuatana. Polimerasi ya kirusi hubaki imefungwa kwenye ncha hiyo hiyo huku ikisoma, kwa hiyo ikifika kwenye uridini hizo haiwezi kusonga mbele. Inakwama, inarudi nyuma, inasoma tena, inaandika adenini, inakwama tena. Kigugumizi hicho ndicho kinachotoa mkia mzima. Kirusi kimeziba njia ambayo chenyewe hakipiti.

Ya pili ni PA-X, na hii iligunduliwa mwaka 2012 tu, ingawa kipande cha jeni kinachoibeba kilikuwa kimesomwa na kusomwa tena kwa miongo kadhaa. Ilijificha kwa namna hii. Ribosomu inaposoma ujumbe wa PA, hufika mahali penye herufi UUU CGU. Herufi CGU huhitaji RNA ya kubebea arginini ambayo ni adimu katika seli zetu, hivyo ribosomu husita. Katika kusita huko, kiasi cha ribosomu 1 kati ya 100 huteleza herufi moja mbele, na kuanzia hapo husoma maneno mengine kabisa. Protini inayotoka ina asidi amino 191 za mwanzo sawa na za PA, yaani ina mkasi ule ule, lakini imefuatwa na kipande chake cha pekee: asidi amino 61 katika virusi vingi, na 41 katika kile cha H1N1 kilichoenea duniani mwaka 2009. Ni mkasi uliotolewa kwenye mashine yake na kuachwa huru ndani ya kiini.

Mkasi huo una uchaguzi. Hukata RNA zilizoandikwa na polimerasi ya pili na kuziacha zile za polimerasi ya kwanza na ya tatu, ndiyo maana RNA za ribosomu na zile zinazobeba asidi amino hubaki salama, na karakana inaendelea kuwa na mafundi. Hupendelea nakala zilizopitia kazi ya kuondolewa introni na kuungwa, na hukata zaidi penye mfuatano GCUG. Vipande vinavyobaki humalizwa na kimeng'enya cha seli yenyewe, Xrn1. Ujumbe wa kirusi hauguswi sana kwa kuwa haukuandikwa na polimerasi ya pili.

Nataka kusimama kidogo kwenye jambo la introni. Jeni za interferoni alfa na beta, zile zinazopiga mbiu ya kwanza mwilini, hazina introni. Mkasi unaopendelea nakala zilizoungwa ungeweza kuzikosa. Lakini nakala za interferoni nazo zinahitaji mkia, na huko mlangoni NS1 imekwisha kaa. Mimi nazitazama protini hizi mbili kama nyavu mbili zenye matundu tofauti, moja imetandazwa nyuma ya nyingine, na samaki aliyeponyoka kwenye wa kwanza hunaswa kwenye wa pili.

Linganisheni na kirusi cha polio. Chenyewe hukata protini iitwayo eIF4G, ambayo huileta ribosomu kwenye kofia, na kwa hatua hiyo moja huwanyima kazi mafundi wote wanaotegemea kofia. Polio inaweza kufanya hivyo kwa kuwa RNA yake haina kofia na ina njia yake ya pembeni ya kuingilia ribosomu. Mafua hayawezi. Ujumbe wake umevaa kofia ya wizi na unahitaji fundi yule yule, kwa hiyo ni lazima fundi aachwe mzima na amri za mwenye nyumba ziharibiwe zikiwa bado chumbani. Vipimo vilivyofanywa mwaka 2016, vya kuhesabu ni ribosomu ngapi zimekaa juu ya kila ujumbe, vilionyesha jambo hilo hilo: ujumbe wa kirusi hausomwi kwa upendeleo wowote, ila ujumbe wa seli umepungua sana kwa idadi. Hata hivyo haukupungua wote sawasawa. Nakala za protini zinazozalisha nguvu ya seli ziliathirika kidogo kuliko nyingine, na kirusi kina haja ya nguvu hiyo.

Sasa niseme na vijana wa maabara, mtakaokwenda kujifunza Kilifi, Nairobi au kwingineko, kwa sababu hapa ndipo makosa yanapojaa.

Kipimo chepesi ni cha puromisini. Dawa hii hufanana na RNA inayobeba asidi amino, hivyo ribosomu huiingiza kwenye protini inayotengenezwa wakati huo, na baadaye unaitafuta kwa kingamwili. Kuza seli za pafu za A549 hadi zikaribie kujaza sahani. Osha mara mbili kwa maji ya chumvi yenye bafa ili kuondoa seramu yote. Weka virusi kwa saa 1, ondoa, osha, kisha tia chakula cha seli kisicho na seramu. Ikiwa unataka virusi viendelee kusambaa, ongeza tripsini iliyotibiwa kwa TPCK, mikrogramu 1 kwa mililita. Seramu ikibaki humo huizima tripsini, na utakaa siku mbili ukishangaa mbona maambukizi hayaendi. Kwa jaribio la mzunguko mmoja tripsini haihitajiki. Acha kwenye nyuzi 37 na hewa ya kaboni asilimia 5. Baada ya muda wa saa 4, 8 na 12, tia puromisini mikrogramu 10 kwa mililita kwa dakika 10, osha haraka kwa maji baridi, vunja seli, tenganisha protini kwenye jeli. Weka daima kisima kimoja cha sahani chenye sikloheksimidi, inayozuia ribosomu, ili ujue alama unayoiona inatokana kweli na protini mpya. Virusi vya msimu hushughulikiwa ndani ya kabati la usalama, katika maabara ya daraja la 2.

Kosa la kwanza ni kutumia virusi vichache. Ukiweka kirusi 1 kwa kila seli, haimaanishi kila seli imepata chake. Kwa hesabu ya bahati, ni asilimia 63 tu zilizopata. Asilimia 37 zilizobaki zinaendelea kutengeneza protini kwa nguvu zote na kuficha unachokitafuta. Weka virusi 3 kwa kila seli upate asilimia 95, au 5 ukitaka uhakika zaidi.

Kosa la pili ni kupima kiasi cha aktini, protini ya kawaida ya kiunzi cha seli, na kusema hakuna kilichozimwa. Aktini hudumu siku nyingi ndani ya seli. Amri ya kuitengeneza ikikatwa saa hii, protini iliyokwisha tengenezwa bado ipo, kama jahazi linaloelea ijapokuwa fundi wa Matondoni ameacha kazi jana. Tunachopima ni utengenezaji, si akiba.

La tatu linawanasa hata wazoefu. Mtu anapima RNA mjumbe fulani, kisha kama kipimo cha kulinganishia anachukua ujumbe wa GAPDH, jeni ya kawaida inayofanya kazi katika kila seli, naye anapata kwamba hakuna kilichobadilika. Hakika hakitabadilika, kwa sababu GAPDH nayo imeandikwa na polimerasi ya pili na imeshuka pamoja na nyingine. Linganisha na RNA ya ribosomu ya 18S, ambayo huandikwa na polimerasi ya kwanza na mkasi hauigusi.

Kosa jingine la jamii hiyo: ukiingiza plasmidi (duara la DNA linalobeba jeni) ya PA-X au ya NS1 ndani ya seli, protini hiyo huzima nakala zilizotoka kwenye plasmidi yake yenyewe. Utaiona protini hafifu mno kwenye utando, ile karatasi inayohamishiwa protini kutoka kwenye jeli, na utadhani jaribio limeshindwa, kumbe wembamba wa alama ndio dalili kwamba inafanya kazi. Protini iliyoharibiwa mkasi wake kwa mabadiliko ya jeni itaonekana nene kuliko nzima. Na usisubiri saa 24, kwani kufikia hapo seli nyingi zinakufa, na seli iliyokufa haitengenezi protini kwa sababu nyingine kabisa.

Angalia pia ni kirusi gani unacho mkononi. Aina ya maabara ya PR8, iliyotengwa mwaka 1934, ina NS1 isiyoishika CPSF30. Kirusi cha H1N1 cha 2009 kilianza vivyo hivyo, NS1 yake ilikuwa dhaifu kwenye mlango huo. Kadiri kilivyoendelea kuzunguka kwa binadamu, NS1 ilipata mabadiliko yaliyoirudishia uwezo wa kuzuia, na wakati huo huo mkasi wa PA-X ukapungua ukali. Atakayechukua matokeo ya kirusi kimoja na kuyatangaza kuwa ya mafua yote atajipinga mwenyewe mwakani.

Je, kuzima zaidi ndiko kuua zaidi? Hapana, na hili maafisa wa kliniki walishike. Kirusi cha 1918, ambacho pwani yetu nayo ilikionja, kilipotengenezwa upya bila PA-X na kupewa panya, panya waliugua zaidi, wala si pungufu. Bila mkasi, kinga ya panya iliitikia kwa namna na kasi nyingine, na madhara yakazidi. Mgonjwa wa mafua huumizwa na kirusi, na huumizwa pia na kinga yake.

Kuhusu dawa, nitasema machache. Baloksaviri iliidhinishwa Japani Februari 2018 na Marekani Oktoba mwaka huo. Hufanya kazi kwenye mkasi wa PA: mkasi huo hushikilia ioni mbili za metali ili uweze kukata, na dawa huzibana ioni hizo. Hunywewa mara moja tu, ndani ya saa 48 tangu dalili kuanza. Mtu mzima aliye chini ya kilo 80 hupewa miligramu 40, na wa kilo 80 au zaidi hupewa 80. Isinywewe pamoja na maziwa, wala na dawa za kiungulia zenye kalsiamu au magnesiamu, kwa kuwa tabia ile ile ya kubana metali huifanya inase kalsiamu tumboni, na isifyonzwe vizuri. Kikombe cha chai ya maziwa kinaweza kuharibu dozi yenyewe ya pekee. Udhaifu wake ni kwamba asidi amino ya 38 ya PA ikibadilika, dawa hushika kidogo. Katika majaribio, mabadiliko hayo yalitokea kwa karibu mgonjwa 1 kati ya 10 wa vijana na watu wazima waliotibiwa, na kwa watoto zaidi ya 1 kati ya 5.

Nimalizie na punda, maana bila wao mji huu haubebi hata tofali moja.

Punda na farasi wana mafua yao, ya aina ya H3N8, yaliyotambuliwa kwanza Miami mwaka 1963 na yenye asili ya ndege. Mwaka 2019 yaliua punda wengi Afrika Magharibi. NS1 ya virusi hivyo imechunguzwa hatua kwa hatua tangu vilipotoka kwa ndege, na imeonekana kubadili kazi. Ile ya miaka ya mwanzo iliishika CPSF30 na kuzima jeni zote kwa jumla. Ile ya miaka ya baadaye imeacha njia hiyo. Badala yake huzuia zile jeni tu zinazoamshwa na interferoni. Kirusi kimeacha kufunga karakana nzima, kikabaki kumziba mlinzi mdomo.

Kwa mwenye punda, dalili huanza siku 1 hadi 3 baada ya kuambukizwa: homa ya ghafla, kikohozi kikavu kikali, kamasi puani, kukataa kula. Mtenge siku hiyo hiyo, na usimnyweshe kwenye ndoo ya wenzake. Homa ikishuka anaweza kuonekana amepona na akakubali mzigo, na hapo ndipo wengi huwapoteza. Seli zenye vinyweleo zinazosafisha njia ya hewa, zile zilizozimwa na kufa, huchukua kama majuma 3 kuota tena, na katika muda huo bakteria huteremka mapafuni bila kizuizi. Kila siku moja ya homa ihesabiwe juma moja la kupumzishwa, na hata kama homa ilikuwa ya siku moja, asipakiwe chochote kabla ya majuma 3 kutimia.